Kuku wa Sista Adongo

Kosa la Sista Adongo lilikuwa moja tu: kufika kwa watu na kuku mkononi.

Nesi wa mikataba ya miezi mitatu huzunguka na sanduku. Adongo alizunguka na sanduku na Matroni, tetea mwekundu mwenye kutembea kifua mbele kana kwamba anakagua wodi. Ndiye pekee aliyebaki katika kuku wa marehemu mama yake kule Homa Bay, na hata nyumba ya mama ilikuwa imeshaanguka. Kule Kedowa, kwenye mkataba uliotangulia, walikaa nyumba za wafanyakazi, na hakuna aliyewauliza lolote. Lakini Roret, alikokwenda kushika nafasi ya nesi aliyekuwa likizo ya uzazi, nyumba hizo hazikuwako. Akatafutiwa chumba kwa Mama Weldon, mkulima wa majani chai.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Matroni alikuwa nayo. Mama Weldon alipoiona pale langoni, akapiga makofi.

"Uwi, daktari! Umetubebea kuku!"

Akampokea kwa mikono miwili, akafumba macho na kumshukuru Mungu kwa maombi marefu. Adongo alikuwa amefungua kinywa aseme ukweli. Ikafika ameni, naye akaitikia ameni. Nani atampokonya Mungu kuku?

"Jumamosi pastor anakuja," Mama Weldon akasema akimpimapima Matroni uzito. "Hii kuku imekuja na siku yake."

Adongo, aliyewahi kuzalisha pacha kwa mwanga wa simu, alishindwa kutamka maneno matatu: huyu si zawadi. Kila asubuhi alijiapia kwamba leo atasema. Kila jioni aliandaliwa ugali na mursik, maziwa lala ya kibuyuni, kwa upendo mwingi mno, na ulimi ukawa mzito. Alhamisi akajiona mjanja, akanunua jogoo mkubwa sokoni.

"Mama, huyu ndiye wa Jumamosi."

"Mungu wangu! Sasa ni wawili! Wacha pastor akuje na bibi yake."

Ujanja mwingi mbele giza.

Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha afya, alikuja mama mjamzito aliyeumwa tangu Jumatatu bila kumwambia mtu. Adongo akamkemea. "Mama, ukinyamaza nitakusaidiaje? Sema!" Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, aliona haya. Zamu ilipoisha saa sita alitoka mbio, hata koti jeupe hakuvua.

Uani maji yalikuwa yanachemka. Jogoo alikuwa ameshanyonyolewa. Mama Weldon alikuwa akinoa kisu, na Matroni amefungwa kwenye nguzo ya jiko akimtazama.

"Mama, usimchinje! Huyo si zawadi. Ni kuku wa mama yangu. Mama alishafariki, na sina kingine chake." Hapo machozi yakamtoka, akalia kama mtoto.

Mama Weldon aliacha kunoa. "Na umenyamaza wiki mzima?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu!" Alikuwa amekasirika kweli. "Ungeniacha nikule kuku ya mama yako, ndio uonekane uko na adabu?"

Adongo akajifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Lakini zawadi hairudishwi," Mama Weldon akaendelea. "Nimeiombea. Hiyo ni kuku yangu sasa."

Mama Weldon akainama, akakata ile kamba kwa kisu kilekile, akamwinua Matroni kwa mikono miwili kama siku ya kwanza.

"Msichana wangu akienda mbali, siwezi mwacha aende mikono mitupu. Shika. Hii kuku nakupa mimi. Na mtu akipewa kuku nyumbani, anarudi kusalimia. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mchungaji alikula jogoo, akasifu mchuzi, na mpaka leo hajui alichokosa.

Mkataba ulipoisha, Adongo alipangiwa Chepseon. Mwenyeji wake mpya alimlaki langoni, mikono tayari imenyooshwa kuelekea kikapu alimokuwa Matroni. Safari hii Adongo hakungoja hata salamu.

"Samahani mama, huyu si zawadi. Nimepewa nyumbani."

"Aa, sawa. Nyumbani ni wapi?"

"Roret," akasema Adongo, na hakuhisi kwamba amedanganya.