Mfuko wa Chini ya Kiti

Citoyen Kapya, "raia" kama Chama kilivyotaka kila mtu aitwe, hakuwa mtu wa kuingia studio za picha za mtaa wa Katuba. Alikuwa mkubwa wa propaganda mkoani, mwenye abakosi ya kijivu, suti ya Chama isiyo na tai, na gari lenye dereva. Siku aliyosimama mlangoni kwa Mumba, watu waliokuwa wakingoja picha za kitambulisho waliinuka mmoja mmoja wakaondoka.

"Citoyen Mumba," alisema, "Kinshasa inataka mupiga picha wa huku Shaba. Siku ya Ijumaa utapanda ndege. Tikiti iko kwenye uwanja wa ndege, Luano, inakungojea."

"Ni kazi ya namna gani, Citoyen?"

"Sikukuu ya Chama. Utaona kule kule." Alizitazama kamera zilizokuwa kwenye rafu, moja baada ya nyingine. "Beba vyombo vyako vyote. Usiache hata kimoja."

Alipoondoka, Mumba alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lililochorwa maua, akacheka peke yake. Alikuwa amepiga picha za harusi na matanga, za timu za mpira, za watoto waliobatizwa, za wafanyakazi wa shaba wakipewa saa za kustaafu. Ndege alizoea kuziona zikipita tu juu ya Katuba. Sasa yeye naye ataketi ndani.

Mkewe, Marie-Thérèse, alipiga vigelegele aliposikia. Tangu serikali ikataze majina ya Kikristo, jina hilo lilikuwa la nyumbani na kanisani tu. Kisha akaendelea kusonga ugali wake wa bukari. Baadaye akauliza, "Mbona alikuja yeye mwenyewe? Mukubwa kama ule hana muntu wa kutuma?"

"Ni heshima, Mama Mwape," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Labda."

Jioni hiyo alikuja Anaclet, mdogo wake Marie-Thérèse, aliyekuwa akipakia mizigo uwanjani Luano. Mumba alimwonyesha sanduku lake la mbao lenye kona za chuma, alimokuwa akiweka kamera mbili, lenzi, taa ya mwako na filamu. Anaclet alilinyanyua kidogo, akalirudisha chini.

"Hapana, shemeji. Hili watalitia tumboni mwa ndege. Kule mizigo tunatupa sawa mihogo, na kuko bantu ba mikono mirefu. Lenzi zako hazitafika. Tafuta mufuko wa kubeba mukononi, uingie chini ya kiti." Alipima hewani kwa mikono yake: urefu huu, kimo hiki, si zaidi. "Na usichukue mufuko wa kijani wa kiaskari. Tangu vita ya mwaka huu, ukionekana na kitu cha kiaskari banakuuliza maswali mpaka ndege inaruka bila weye."

Siku ya pili Mumba alifunga studio akaenda kutafuta mfuko. Alianza soko la Katuba. Mifuko ya shule ilikuwa laini mno. Lenzi zingegongana kama vikombe. Mmoja wa ngozi, wa daktari, ulikuwa na mdomo mpana mzuri, lakini kimo chake kilizidi kile alichoonyeshwa na Anaclet. Kikapu chenye kifuniko kingeweza kufaa, ila alijiona akipanda nacho ngazi za ndege kama mwanamke anayetoka kununua samaki, akakiacha.

Mwishowe alifika kwa Rigobert, muuza vitu vilivyotumika, ambaye meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa soko. Walijuana. Rigobert alimsikiliza, akatazama huku na huku, kisha akainama na kutoa mfuko uliokuwa umefunikwa gunia chini ya meza.

Ulikuwa wa ngozi ya kahawia, si mkubwa si mdogo, wenye mkanda wa kupitisha kifuani. Ndani ulikuwa na vyumba vilivyogawanywa kwa vipande vya blanketi jekundu. Mumba alitia mkono, akagusa blanketi lile. Aliujua mfuko ule. Ulikuwa wa Mulenga.

Mulenga alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Ruashi, rafiki yake. Blanketi lile lilikuwa la mtoto wake. Mumba alikuwepo siku mkewe, Kunda, alipolikata na kulishona ndani. Mwezi wa saba Mulenga naye aliitwa Kinshasa kupiga picha za sikukuu. Walimsindikiza Luano kwa nyimbo. Mfuko ule hakumpa mtu amshikie hata alipokuwa akikumbatia watoto wake. "Huu nitalala nao," alisema. Hakurudi. Watu walisema amepata kazi nzuri kule, mji mkubwa umemshika.

"Umeutoa wapi?" Mumba aliuliza.

Rigobert hakumtazama. "Kuna bantu banaleta vitu kutoka Luano. Mimi siulize. Na weye usiulize."

"Ni bei gani?"

"Chukua tu. Chukua, utoke nao hapa. Tangu huu mufuko ulifika kwangu silale muzuri."

Mumba aliufunika kwa koti lake, akapanda basi kwenda Ruashi. Njia nzima alikuwa akiikumbuka siku moja ya vita, mwezi wa tano. Yeye na Mulenga walikuwa wamechukuliwa kwa lori la jeshi kwenda kupiga picha za ushindi katika mji mdogo upande wa Kolwezi. Askari walipanga mistari, wakaimba, wao wakapiga picha. Baadaye, wakitafuta maji ya kunywa, walizunguka nyuma ya ghala la stesheni. Chini ya turubai kulikuwa na miguu. Mingi, mingine midogo. Mumba alisimama kama mti. Mulenga aliinua kamera akapiga mara moja. Ofisa mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Hakupiga kelele. Alikuja polepole, akanyoosha mkono, Mulenga akatoa filamu akampa. Ofisa aliwatazama wote wawili, akawauliza majina, akawaambia wapande lori. Tangu siku hiyo hawakulizungumza jambo lile, hata wakiwa wawili tu.

Kunda alikuwa akianika nguo. Aliuona mfuko kabla ya kuitikia hodi. Aliuchukua mikononi mwa Mumba, akaketi nao chini, akaufungua. Alipitisha vidole kwenye blanketi, chumba kwa chumba.

"Huu uzi mweusi si wangu," alisema. "Mimi nilishona na mwekundu. Bantu balipasua, bakashona tena."

Mumba alichuchumaa mbele yake.

"Kila mwezi Citoyen Kapya anapita hapa," Kunda aliendelea. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha Mumba kuliko kilio. "Anasema, 'Bwana yako anakusalimia, iko muzuri, kazi ni nyingi.' Juma lililopita alisema hivyo. Nikamuuliza, anakula nini kule? Akacheka. Na weye, Baba Mwape, umekuja kuniambia nini?"

"Nimeitwa. Ijumaa."

Kunda alifunga mfuko. "Siku ile mulikuwa wawili," alisema. "Alinielezea yote. Usiende."

"Nisipokwenda watakuja nyumbani. Kuna Mama Mwape, kuna watoto."

"Basi fanya haraka, ubatoe," alisema, akaingia ndani na mfuko wa mumewe, akafunga mlango.

Mumba alimweleza mkewe kila kitu, pamoja na yale ya ghala, mbele ya jiko, kwa sauti ya chini. Marie-Thérèse hakumlaumu kwa kumficha. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Banajua vyombo vyako," alisema hatimaye. "Kapya alisema usiache hata kimoja, kwa sababu wanataka kuona kama kuna picha nyingine. Wakiona mufuko wa kamera umepanda ndege, watasema mwenyewe naye amepanda. Acha mufuko uende. Weye ubaki."

"Kamera zote?"

"Zote."

Mumba aliifikiria ile rafu ya studio. Kamera ya kwanza aliinunua akiwa kijana, kabla hawajaoana. Hakukataa.

Anaclet aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisema ndege ya Ijumaa ina ngazi mbele na nyuma, na kwamba wapakiaji hupanda kwa nyuma kuleta vinywaji na kushusha kreti za chupa tupu. Angeweza kuficha ovaroli chooni. Zaidi ya hapo, alisema, ni Mungu.

Kesho yake asubuhi Marie-Thérèse aliondoka na watoto kwa treni ya Sakania. Majirani waliambiwa anakwenda matangani. Kule kwenye mpaka wa Zambia walikuwepo Wabemba wa ukoo wa mama yake, pande zote mbili.

Alhamisi, jua likielekea kuzama, gari la Citoyen Kapya lilisimama mbele ya nyumba. Safari hii dereva alibeba kitu kilichofungwa kwa karatasi.

"Nimesikia unatafuta mufuko," Kapya alisema.

Mbali na watu wa nyumbani kwake, Mumba alikuwa amemwambia Rigobert tu.

"Aksanti, Citoyen. Ungeacha kujisumbua."

"Si usumbufu. Fungua."

Ulikuwa mfuko mpya, mweusi, uliotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya kamera: kuta nene laini, vyumba vya lenzi, kifungo cha chuma kilichong'aa. Kimo chake kilikuwa kile kile cha chini ya kiti. Mumba hakuwa amewahi kushika mfuko mzuri namna ile.

"Panga vyombo, nione kama vinatosha," alisema Kapya, akavuta kiti.

Mumba alipanga. Kapya alifuata kila kitu kwa macho. Filamu zilipofika, aliomba aone zile zilizotumika. Mumba akasema zote ni mpya, na kweli zilikuwa mpya.

"Na filamu za zamani?"

"Nikisha kutoa picha, wateja wanachukua zote."

"Ah." Kapya alitazama huku na huku chumbani. "Mama iko wapi?"

"Ameenda matangani, Sakania."

"Pole. Nani amekufa?"

"Mjomba wake, Citoyen."

"Ukirudi utanipeleka kwake nitoe pole," alisema Kapya, akitabasamu. "Kesho nitakuja kukuchukua mwenyewe. Usihangaike na basi."

Akaja kweli, asubuhi na mapema. Njia ya Luano hawakuzungumza. Mumba alishikilia mfuko mapajani, mkanda umepita kifuani. Uwanjani, Kapya alipita naye mbele ya mstari. Askari wa forodha alipotaka kufungua mfuko, Kapya alimwambia, "Huu acha. Utafunguliwa kule unakokwenda." Kisha akampa Mumba mkono na kumtakia safari njema. Hakuondoka. Alipanda roshani ya kuagia wasafiri, akasimama pale, mikono mgongoni.

Mumba alipanda ngazi za mbele akiwa anaonwa na kila mtu. Alitembea hadi kiti cha nyuma kabisa. Alisukuma mfuko chini ya kiti. Uliingia sawasawa, kana kwamba ulipimwa pale pale. Akaweka koti lake juu ya kiti. Mkono wake ulikataa kuuachia mkanda, akaulazimisha.

Chooni alikuta ovaroli ya bluu imekunjwa nyuma ya ndoo. Ilikuwa fupi, ikinuka mafuta. Aliivaa juu ya nguo zake. Mlango uligongwa mara moja, kwa ukucha. Alipofungua, Anaclet alimwekea kreti ya chupa tupu begani, upande wa kulia, upande wa roshani, bila kumwangalia.

Walishuka ngazi za nyuma, Anaclet mbele. Mumba aliziona chupa zikitetemeka karibu na sikio lake, na katikati ya chupa alimwona Kapya, mdogo, wa kijivu, amegeuza uso kuelekea ndege. Alitaka kukimbia. Anaclet, bila kugeuka, alianza kulalamika kwa sauti juu ya msimamizi anayewanyima glovu. Mumba akashika mwendo wake.

Walifika kwenye tela, wakapanda na kreti, trekta ikawavuta hadi nyuma ya hanga. Kutoka pale waliisikia ndege ikiwasha mashine, ikijizungusha, ikiondoka. Mumba alikaa chini ukutani akaziba masikio. Mle ndani kazi yake yote ilikuwa ikienda bila yeye.

"Simama, shemeji," Anaclet alisema. "Kapya yuko anashuka."

Alimwonyesha tundu kwenye seng'enge walimopita akina mama wauzao mikate. Waliagana kwa kushikana mikono haraka, kama watu watakaoonana jioni.

Mumba alitembea porini, akila mihogo mibichi na kukwepa barabara, mpaka ndugu za mkewe walipompokea karibu na Sakania na kumvusha upande wa Zambia. Alimkuta Marie-Thérèse mjini Ndola, kwa binamu yake, pamoja na watoto; mwenyewe amekonda. Mkewe alimshika mikono akaigeuza, akaitazama mitupu, ndipo alipolia.

Anaclet alikamatwa Jumatatu. Msafiri mmoja aliwaletea habari: walimweka ndani mpaka mvua zilipoanza, wakamwachia bila kumwambia kosa lake, na kazi ya Luano akanyang'anywa. Hakuwataja. Kuhusu Mulenga hakuna aliyejua lolote, na Kunda alikuwa bado Ruashi.

Mumba alipata kibarua cha kuchana mbao kwenye kiwanda cha samani. Marie-Thérèse alipomwambia kwamba Mhindi mmoja mjini anatafuta mpiga picha, alisema ataenda kumwona. Wiki zilipita bila yeye kwenda. Kila asubuhi alivaa nguo za kiwandani, akasimama kidogo mlangoni kutazama barabara pande zote mbili, kisha akaenda kwenye mbao zake.