Zima Ukiwa Umesimama

Mzazi mwenzangu, ukienda kuzima kompyuta ya mwanao, zima ukiwa umesimama. Mimi niliketi. Binti yangu alikuwa kwenye mchezo wake wa vita, na adui ameshavunja lango la mji wake.

"Mama, usichomoe waya."

"Nisichomoe kwa nini, nawe unachapwa?"

"Lango nimewaachia makusudi. Wakiingia wote huku, kwao atabaki nani?"

Nikaona wapanda farasi wake wachache wakizunguka kupitia msituni, huku akiwaamuru wakulima wavune. Mchezo ule hauna kungojeana zamu, lakini mtoto hakutetereka. Mji wa adui ukaanguka. Akili ile kaitoa wapi?

Jikoni maharage yaliungua. Nami nilikuwa namwambia, "Anza tena, mwanangu, nione."