Kupe wa Josho na Kupe wa Bibi Verdiana

Kulikuwa bado giza, na ng'ombe alikuwa akijikuna shingo kwenye nguzo ya nyumba. Kwaru, kwaru. Bibi Verdiana akaamka, akawasha koroboi, akaanza kumtoa kupe nyuma ya masikio, mmoja mmoja, kama afanyavyo kila alfajiri.

Ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa Bura wa Dongobesh, rafiki wa marehemu mumewe. Huku mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa ndugu na rafiki wamlelee. Maziwa ni ya mlezi, ndama ni wa mwenyewe. Bura alimleta siku ya arobaini ya msiba, akasema, "Mama, usinywe chai ya rangi peke yako." Verdiana hajayasahau maneno hayo.

Tangu watu wa Maretadu walipohamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mistari kama meno ya kitana, ng'ombe wote walipelekwa joshoni kila Alhamisi kuogeshwa dawa ya kupe. Huyu hakwenda. Nyonga yake ilivunjika akiwa ndama, na josho lataka ng'ombe anayeruka. Kwa hiyo alifungwa nyumbani, na Verdiana akamkatia majani kule bondeni, ambako makundi hayafiki.

Sasa ndama wanane wa kijiji walikuwa wamekufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, na bwana mifugo, Gervasi, alikuwa amempata mwenye makosa.

Huyo Gervasi aliletwa kutoka mkoa mwingine miaka mitatu nyuma. Alikuwa na buti zinazong'aa. Mtu wa mifugo mwenye buti zinazong'aa ni kama mpishi asiyenuka moshi. Alikuja mlangoni bila hodi.

"Bibi, ng'ombe wako ni kiwanda cha kupe. Leo saa nne mkutano utaamua. Atachukuliwa."

"Kaa kwanza unywe maziwa, baba."

"Maziwa ya kupe? Kunywa mwenyewe."

Akaondoka. Verdiana akayamimina maziwa yale kwenye kibuyu, akampelekea Mwalimu Benedikta, binti wa Songea aliyefundisha sayansi na ambaye kila mwisho wa mwezi humletea chumvi bila kuombwa.

"Mwalimu, nina jambo. Mwezi uliopita jirani yangu Sulle aliniletea chupa ya maji ya josho, nimpanguse ng'ombe masikio. Kupe wangu walikufa wote. Lakini Sulle akitoa ng'ombe wake joshoni, kesho yake kupe bado wamening'inia, wamenenepa. Dawa ni ile ile. Kwa nini?"

Mwalimu akaweka chaki chini. Aliuliza maswali mengi kuhusu josho, kisha akasema, "Bibi, twende mkutanoni. Tupitie kwa Sulle."

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la kijiji. Gervasi alisoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayesomea viziwi. Ng'ombe asiyeogeshwa huzaa kupe, kupe huleta ndigana, mzee asiyejua kusoma huleta hasara kwa taifa. Mwenyekiti Nikolausi akaitikia kila mstari.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema Mwalimu Benedikta, "tuwajaribu kupe."

"Tuwajaribu!" Gervasi akacheka. "Ndiye huyu anayewaambia watoto wenu kwamba bibi zao walikuwa nyani. Leo kaja na kupe!"

Watu wakacheka. Verdiana akamtazama Gervasi vile unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele za wageni.

"Nyani tuwaache," Mwalimu akasema. "Jibu kwanza la kupe."

Makopo mawili yakaletwa. Kopo moja kupe kumi wa ng'ombe wa Verdiana, kopo la pili kupe kumi wa ng'ombe wa Sulle, aliyeogeshwa jana. Gervasi mwenyewe akachota maji ya josho, asije mtu akasema yamechezewa. Kupe wakazamishwa muda ule ule, wakatolewa, wakaachwa kwenye makopo makavu nyumbani kwa mwenyekiti, yamefungwa kitambaa. Ng'ombe akaachwa mpaka Jumamosi.

Jumamosi kopo la Verdiana lilifunguliwa. Kupe kumi, miguu juu. Likafunguliwa la Sulle. Wawili wamekufa. Wanane wakapanda ukingo, na mmoja akaanza kupanda mkono wa mwenyekiti, naye mwenyekiti akaruka nyuma kama aliyemwagiwa uji.



"Ndugu Gervasi," Mwalimu akauliza, "dawa unaichanganyaje?"

"Kitaalamu."

"Nusu," Sulle akasema. "Unatia nusu kopo pale pa kopo zima. Mimi ndiye ninayekuchotea maji. Ulisema dawa ya mwaka mmoja utaifikisha miaka miwili, wilayani wakusifu."

Gervasi akatazama buti zake.

Mwalimu akaeleza polepole. Kupe hawafanani, hata wa ng'ombe mmoja. Dawa ya nusu iliwaua wanyonge, wagumu wachache wakabaki. Wao ndio waliozaa, na watoto wakarithi ugumu. Alhamisi baada ya Alhamisi, miaka mitatu. Hakuna kupe aliyekaa akafikiri, hakuna aliyejifunza. Waliokufa walikufa, waliobaki wakazaa. Wale wa Bibi hawakupitishwa kwenye chujio hilo, ndiyo maana bado ni wanyonge.

"Kama mbegu za maharage," Verdiana akasema. "Mwaka wa jua kali tunapanda za ule mche uliostahimili. Ila hapa mchaguzi ni dawa."

"Hivyo hivyo, Bibi. Hata nyani..."

"Basi, Mwalimu, kupe wametosha," akasema Nikolausi, na safari hii watu wakacheka vingine. Akapangusa mkono kwenye suruali. "Ng'ombe abaki kwa Bibi."

Gervasi hakuomba radhi. Alisema alikuwa akishuku jambo hilo siku nyingi, na kwamba ataliandika kwenye taarifa. Ataliandika, tena kwa jina lake. Watu wa namna hiyo huona aibu zaidi ya kukosea kuliko ya kusema uongo.

Lakini dawa ya aina nyingine ilipoletwa, ilibidi ipimwe pia kwa kupe ambao hawajawahi kupita joshoni, ili walinganishwe na wale wagumu, na katika kijiji kizima walikuwa mahali pamoja tu. Gervasi akaja kwa Verdiana asubuhi, mara hii akapiga hodi. Alishika kikopo kitupu kama mtu aliyetumwa kuomba moto.

Verdiana akamwekea kigoda.  Akamtolea kupe kumi masikioni mwa ng'ombe, mmoja mmoja, akimtuliza asishtuke. Kisha akammiminia maziwa, naye akayanywa yote, akatazama ukutani.

"Hawa watatosha?" Verdiana akauliza.

"Kwa leo. Nitahitaji wengine."

"Basi uje tena Jumatatu, baba. Ng'ombe atakuwepo."