Kikao cha Heshima kwa Marehemu Leoleo

Asubuhi ya kikao cha heshima, karani wa mahakama alifuta vumbi kwenye benchi la mbele, akapanga viti vya wafiwa, kisha akabandika karatasi mlangoni: leo hakuna kesi. Wakili mmoja wa hapo alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Desturi ya mahakama ile ni kwamba wakili akifa, wenzake hukusanyika katika chumba alichozoea kusimama, wakamsifu mbele ya hakimu, na kazi zote za siku hiyo husimama kwa heshima yake.

Mahabusu walikuwa wameshaletwa. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia watu wa magereza wasiwalete. Kati yao alikuwemo fundi baiskeli, mteja wa marehemu, aliyeshtakiwa kwa kupokea baiskeli ya wizi. Mwenye baiskeli alikwisha kuja mwenyewe kueleza kwamba haikuibwa, ila mwanawe ndiye aliyeipeleka kutengenezwa bila kumwambia. Hukumu ya kumwachia fundi ilikwisha kuandikwa. Ilibaki kusomwa, na siku ya kusomwa ilikuwa leo.

Mama yake fundi aliisoma ile karatasi ya mlangoni, akaisoma tena.

"Mama, leo tuna msiba," karani alimwambia.

"Msiba wa nani?"

"Wa wakili wenu."

"Huyo si ndiye aliyeniambia leo mwanangu anatoka?"

"Ndiye huyo huyo."

Mama akaingia, akaketi nyuma.

Mawakili wenzake walimwita marehemu Leoleo, kwa sababu kila ombi lake lilimalizika kwa maneno yale yale: naomba tumalize leo leo, Mheshimiwa. Wakili wa serikali, mshindani wake wa siku zote, ndiye aliyeanza kumsifu. Alisema marehemu alikuwa kama mbu chumbani: humuoni, lakini hulali. Watu wakacheka, wengine wakafuta machozi. Kisha akasimama binti mkubwa wa marehemu.

"Baba alikuwa anatupigia pasi sare za shule huku akijifunza kujibu hoja za watu," alisema. "Pasi ikiunguza kola, tunajua kesi ya kesho ni ngumu. Na tukigombana, hakuna kulala. Anasikiliza upande huu, anasikiliza upande ule, anaamua, ndipo taa inazimwa. Kwetu sisi hakuna kesi iliyowahi kulala."

Hakimu aliyaandika maneno hayo, akayarudia kwa sauti ili kila mtu ayapate vizuri. Watu wakapiga makofi.

Makofi yakiwa bado yanaendelea, marehemu aliingia. Alikuwa amevaa joho, na begani palikuwa na udongo kidogo. Akapita kando ya viti kwa adabu, akamgusa mkewe mkono. Mkewe akampangusa begani.

"Umekonda," alimwambia.

Kitinda mimba wao akajivuta kumwachia nafasi, lakini marehemu hakukaa. Alikwenda mbele, mahali pake, akasubiri kupewa ruhusa.

"Marehemu ana la kusema?" hakimu aliuliza.

"Naomba hukumu ya fundi baiskeli isomwe, Mheshimiwa. Ni ukurasa mmoja tu. Naomba tumalize leo leo."

Chumba kizima kikatabasamu. Wakili wa serikali akasimama pole pole.

"Napinga, kwa masikitiko makubwa. Leseni ya uwakili hukoma mwenye nayo anapofariki. Hili ndugu yangu analijua kuliko mimi."

Hakimu alivua miwani. "Ni kweli. Na hata ningependa kukusikiliza, mahakama leo haifanyi kazi, na haifanyi kazi kwa ajili yako. Nikuvunjie heshima siku yako mwenyewe?"

"Heshima hiyo naiachia, Mheshimiwa."

"Si yako kuiachia. Ni ya mahakama. Kesho naanza likizo, nikirudi nitaisoma. Subira yavuta heri."

"Anayeambiwa asubiri analala sakafuni, Mheshimiwa."

"Imeandikwa," hakimu alisema, na kweli aliandika. Kisha akaomba wote wasimame kimya kumkumbuka marehemu. Marehemu naye alisimama, kichwa ameinamisha, maana hajawahi kukaidi amri ya mahakama.

Uani, gari la magereza lilikuwa limeshawashwa. Mkewe alimfuata hadi hapo na watoto.

"Twende nyumbani, Baba Watoto. Leo si wote tupo?"

Marehemu aliwatazama watoto wake mmoja mmoja. Alimfunga kitinda mimba kamba ya kiatu, akakawia kwenye fundo.

"Mtu nilimwambia leo anakwenda kwake," alisema. "Nitatanguliaje mimi kwenda kwangu?"

"Hata ukiwa hai ulikuwa hivi hivi."

"Hivi hivi."

Askari wa gari alikuna kichwa. Marehemu hakuwamo katika waliotakiwa kurudishwa, lakini askari hakuona sheria inayomkataza kupanda. Akampa mkono, akamvuta ndani. Fundi baiskeli alisogea akamwachia nafasi ya dirishani.

Hakimu alirudi kutoka likizo akiwa na afya njema. Siku aliyorudi, chumba kile kilipewa jina la marehemu, picha yake ikafunuliwa ukutani, hotuba zikatolewa, na kwa sababu ya shughuli hiyo kesi zote zikaahirishwa. Kutoka kwenye benchi la mahabusu marehemu aliinua mkono kupinga. Karani aliandika pingamizi bila kuinua kichwa.

Jumapili, mjane na watoto hawaendi makaburini. Wanakwenda rumande. Mama yake fundi baiskeli hufika mapema, akawashikia nafasi kwenye foleni.

"Wako kafa, wangu yu hai," alimwambia mjane siku moja, akimsogezea mfuko wake pembeni apate pa kusimama, "na foleni ni hii hii moja."

"Ni hii hii," mjane alijibu.

Lango lilikuwa bado halijafunguliwa.