Nyumba Zetu Kumi Walizipeleka Wapi

Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, mke wangu Gaudensia aliumwa na swila akivuna mpunga. Nilimpakia bodaboda mpaka zahanati. Nesi akafungua friji, akaifunga.

"Dawa ya sumu ya nyoka hatukupangiwa, baba. Utafiti ulisema huku kwenu nyoka hawaumi sana."

Alikata roho tukiwa njiani kwenda Mpanda mjini.

Hawaumi sana! Mwaka juzi hao watafiti walipita kwetu Mbugani, balozi wetu wa nyumba kumi, Mwandu, akiwatembeza nyumba kwa nyumba. Katika nyumba zake kumi waliandika watu wanne walioumwa na nyoka. Wa nne ni mimi, nilivua kiatu wakaliona kovu.

Baada ya arobaini nikaenda ofisini kwao. Nikamkuta binti anaitwa Glory, ndiye mwenye kompyuta ya hesabu zile.

"Shikamoo baba. Pole na msiba."

"Marahaba. Wanne wetu wako wapi?"

Akaona aibu, lakini alisema. Kila balozi na nyumba zake ni kundi. Makundi yalifika mia tisa, na kompyuta ilitakiwa ilipime kila kundi peke yake na kulilinganisha na mengine. Memori ikajaa, ikaganda. Wakajaribu mara tatu.

"Tukaomba kompyuta kubwa, bosi hakusaini. Siku ya kupeleka ripoti ikafika. Akasema ondoeni makundi, hesabuni watu wote kwa pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Na mjini, baba."

Yaani sisi tunaovuna miguu ikiwa kwenye maji tumechanganywa na wenye maduka wa Kashaulili, Mpanda mjini, ambao nyoka wanamwona kwenye televisheni! Simu yangu memori ikijaa nafuta nyimbo. Namba za watu sifuti.

Bosi mwenyewe, Bwana Halfani, akatoka na kikombe cha chai.

"Mzee, wastani ni wastani. Hata wasomi wakubwa wanafanya hivyo."

"Wasomi wakubwa wanavuna wapi mpunga?"

Glory akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Bosi hakucheka. Akasema nisubiri utafiti mwingine, baada ya miaka mitatu, ndipo dawa zitapangwa upya.

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini miaka mitatu naijua. Ni mavuno matatu. Mpunga wa marehemu bado nusu umesimama, na mwanangu Restituta amesema Jumatatu anaingia kuumalizia, maana tusipovuna hatuli. Kumkataza nimeshindwa. Nikamwomba Bwana Halfani aandike barua tu, zahanati yetu ipewe hata dozi mbili. Akasema barua haiwezi kupinga ripoti.

Wakubwa hawa! Nikamuuliza swali moja mbele ya Glory. Akaangalia kikombe chake, akaingia ndani. Swali lenyewe ni hili: mwanangu akiumwa Jumatatu, mtamhesabu na nyumba zetu kumi, au mtamhesabu na maduka ya mjini?