Sura Iliyoshonwa

Mkasi ulikuwa juu ya meza, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka kila mmoja aseme anamshuku nani.

Wasomaji watatu walikalia makochi ya wateja, nailoni bado haijatolewa, kwenye karakana ya Ikram pale Kizota. Ikram ni fundi makochi. Ndiye aliyezishona kurasa za sura ya mwisho ya riwaya yao zisifunguke, kwa uzi mnene wa kochi, kwa sababu kitabu kilichopita Mwalimu Elieza alikimaliza kabla ya wenzake, akawamwagia mwisho wote bila hata haya. Nakala huwa ni moja tu, wanapokezana. Safari hii walikubaliana kuusoma mwisho kwa pamoja, na Ikram akakaa na kitabu mpaka Jumamosi.

Riwaya yenyewe ilikuwa imewatoa roho. Tajiri wa mashamba ya zabibu amefariki, wosia umeibwa, na aliyeuiba ni mtoto wake wa siri ambaye familia haimjui. Ni nani? Mwalimu Elieza, mstaafu asiyependa kushindwa hata bao, alimshuku dereva na akatoa hoja lukuki. Gladness, muuguzi wa Miyuji, alicheka mpaka nailoni ikapiga kelele chini yake. Kwake mwizi alikuwa wakili, hakuna cha dereva wala nini.

Ikram alikuwa amekalia mikono yake. Alikuwa amemjua mwizi tangu juzi akiwa kazini, misumari ikiwa mdomoni, na moyo ulimruka hadi nyundo ikapiga pembeni. Furaha ilimwasha mwili mzima. Lakini kitabu kimelala kwake, na uzi ni wake. Akisema, na ikawa kweli, nani ataamini kwamba hakufumua akashona upya? Hapa ndipo mahali pekee watu walipomsikiliza kwa jambo lisilohusu vitambaa na sponji, na hakutaka kupapoteza.

"Na wewe, fundi?" Gladness aliuliza. "Mbona umenyamaza kama uko ukweni?"

Jina likamtoka. "Ni Abeli. Yule mtani wa familia ya tajiri."

Mwalimu Elieza alikiinua kitabu, akaukagua mshono kwa miwani. Abeli katajwa mara chache tu, alisema, hana kisa na mtu. Kisha akamtazama Ikram.

"Ikram, mwanangu, hukufumua?"

Swali lilimchoma. Akawaomba wafungue pale kwenye mazishi ya tajiri, kabla ya kurasa zilizoshonwa. Mtani msibani kazi yake inajulikana: aige mwendo wa marehemu, afiche viatu vya wafiwa, azuie jeneza mpaka apewe chochote. Abeli hafanyi hata kimoja. Amesimama nyuma ya watu, analia.

"Mtani gani huyo?" Ikram alisema. "Alikuwa anamzika baba yake."

Gladness alipiga makofi. Mwalimu hakuridhika. Mtani naye ni binadamu, alisema, machozi hayana mwenyewe. Ni nini kilichompa Ikram uhakika wote huo?

Ikram aliona hana pa kutokea. Ama alitoe alilolificha miaka yote, ama wamuone mwongo.

"Kwa sababu nimeliona. Tulipomzika baba kule Kondoa, mtani wetu Hamza alikuja. Sote tukasubiri atuchekeshe. Akashika jeneza, akalia mpaka akakaa chini. Mama akageuza uso. Siku hiyo nikajua nina kaka. Sijamwambia mtu. Hata yeye hajui kama najua."



"Yuko wapi sasa?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapo Zuzu. Anaziba pancha za baiskeli."

Mwalimu aliuchukua mkasi, akausogeza kwenye uzi, halafu akaurudisha mezani pamoja na kitabu. Akasogea mpaka ukingoni mwa kochi. Gladness naye akasogea.

"Anafanana na baba yenu?"

"Masikio," Ikram alisema, akijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. "Masikio, na anavyokaa akiwa amechoka."

Maneno yakaanza kumtoka mbio mbio. Kitabu kilibaki mezani, sura yake ya mwisho imeshonwa vilevile.