Mchapishaji wa Jirani na Posta

Mashine ya kuchapia ilikuwa imeshapanda lori, imefungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa rufaa, mtafiti alipofika akihema. Mjomba wake alikuwa anafagia chumba ambacho tangu asubuhi hakikuwa chake.

"Karibu, daktari usiyejua sindano," alisema bila kuinua uso. "Viti vimetangulia."

Utani ule ule wa siku zote, ila leo ulikuwa umepoa.

Udaktari wake ulikuwa wa siasa, huko chuo kikuu. Miaka mitatu alifuatilia nani anachangia kampeni, na mbunge akishaapishwa anamsemea nani. Mbunge wa kwao aliwaahidi wachuuzi kwamba soko halitaguswa. Bungeni, soko hakulitaja hata mara moja. Kodi ya mafuta aliitaja mara kumi na nne. Sababu haikujulikana mpaka mjomba, aliyechapa mabango ya mbunge, alipomnong'oneza kwamba yote yalilipiwa na mwenye vituo vya mafuta.

"Jina langu lisitoke," alimwambia.

Halikutoka. Katika kitabu cha utafiti wake aliandika: "mchapishaji mmoja, jirani na posta." Kule chuoni mstari ule haukumshtua mtu. Huku nyumbani, jirani na posta mchapishaji alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua hadi kikohozi chake. Wateja wakaanza kupitia ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba, shemeji wa mbunge, akataka chumba chake.

"Mjomba, ningeandika tu 'mfanyabiashara mmoja'."

"Ungeandika."

"Nilitaka wasomi wenzangu waone nimefika, sikubuni."

Mjomba alizoa taka kwa kipande cha bango la zamani. Nusu ya uso wa mbunge ilikuwa inacheka.

"Ulichoandika ni kweli, sina ugomvi nacho. Ila mimi nilikuwa naongea na mtoto wa dada yangu. Sikujua naongea na kitabu."

Akamwachia ufagio, akapanda lori.

Mbunge alichaguliwa tena. Soko likawa kituo cha mafuta, wachuuzi wakahamia kando ya barabara. Kitabu kinafundishwa vyuoni. Toleo la pili linasema "mfanyabiashara mmoja". Mwandishi wake ni profesa. Mjomba alifungua kibanda cha fotokopi mji wa mbali. Simu za mpwa wake alipokea zote, wakaongea habari za afya na mvua. Ila hakumwita tena "daktari".